Piga Hodi Ukiwa na Ramani Mkononi

Mwenye shamba akifungua mlango na kumkuta mtu asiyemjua anaomba kupita na detekta ya metali, maswali matatu humjia kabla hata salamu hazijaisha. Huyu atanichimbia mashimo? Ataniibia? Ataniletea serikali shambani? Ukianza na "naomba kutafuta sarafu kwenye ardhi yako", umemwachia ayajibu maswali hayo peke yake, na jibu jepesi kuliko yote ni hapana. Lakini ukimwonyesha kwamba mnamo 1841 konde lililo nyuma ya zizi lake liliitwa Chapel Close, na kwamba lilikuwa na nyumba mbili ambazo leo hazipo, mazungumzo yanageuka. Una kitu cha kumpa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na dawa ya mwenyeji huyu ni historia ya ardhi yake mwenyewe, ambayo mara nyingi hajawahi kuiona imeandikwa.

Maelezo haya ni ya England na Wales, ambako ruhusa ya mwenye ardhi ndiyo msingi wa kila kitu. Usiyahamishe kama yalivyo. Ireland ya Kaskazini ni kosa kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni, Jamhuri ya Ireland hata kutembeza detekta kwa nia hiyo kunahitaji kibali cha serikali, na Scotland vitu vya kale vinavyopatikana ni mali ya Taji, yaani ya dola. Katika nchi nyingi nyingine, kukubali kwa mwenye shamba hakuhalalishi lolote.

Anza na ramani, mlango baadaye

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na mkulima wanayemfahamu kisha kutafuta historia ya shamba lake. Geuza. Chagua parokia moja, yaani eneo dogo la kanisa na kijiji, isome yote, upate makonde matano au sita yenye sababu, ndipo uulize ni ya nani. Parokia moja inatosha kwa majira mazima ya baridi.

Ramani za Ordnance Survey, wakala wa taifa wa upimaji ramani, ndizo za kuanzia kwa sababu hazina gharama: National Library of Scotland imeziweka kwenye intaneti, za England na Wales zikiwemo, pamoja na ukurasa unaoweka ramani ya zamani na picha ya setilaiti ya leo ubavu kwa ubavu. Zipo za inchi sita kwa maili, zilizoanza kuchorwa miaka ya 1840, na za inchi ishirini na tano, yaani 1:2,500, ambapo sentimita moja ya ramani ni mita 25 za ardhi. Hizi za pili ndizo zenye utamu. Zinaonyesha kila kisima, kila kidimbwi, njia za miguu, na hata miti iliyosimama peke yake kwenye mpaka wa konde. Tafuta vitu vilivyokuwapo wakati ule na leo havipo: nyumba iliyobomolewa, njia iliyofungwa, njia panda iliyohamishwa, ngazi ya kuvukia ua katikati ya njia ya kwenda kanisani. Watu hupotezea vitu pale wanapoinama, wanaporuka, wanapokaa kupumzika na wanapolipana fedha.

Maandishi ya herufi za kizamani kwenye ramani hizo huashiria mambo ya kale, na mara nyingine mchoraji aliandika wazi kwamba mahali fulani zilipatikana sarafu za Kirumi. Hapo usishangilie haraka. Kila mtu mwenye intaneti ameyasoma maandishi hayo hayo kabla yako.

Ndiyo maana ramani za zaka zina thamani zaidi. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na ili ijulikane kila konde linadaiwa kiasi gani ikabidi maparokia yapimwe na kuchorwa. Kazi kubwa ilikwisha kufikia mwaka 1850 hivi, ikafunika karibu robo tatu ya England na Wales. Kila konde lina namba, na namba hiyo inakupeleka kwenye daftari la mgawo linalotaja mwenye ardhi, mpangaji, jina la konde, hali yake (la kulimwa, la majani, bustani ya matunda, msitu) na ukubwa wake. Ukubwa umeandikwa kwa ekari, rudi na pachi: pachi 40 ni rudi moja, rudi nne ni ekari moja. Nakala tatu zilitengenezwa. Ya serikali iko Kew, London, kwenye The National Archives (hifadhi ya nyaraka ya taifa), madaftari chini ya alama IR 29 na ramani chini ya IR 30. Ya dayosisi kwa kawaida imeishia ofisi ya nyaraka ya kaunti. Ya tatu ilikuwa ya parokia. Za Wales zimewekwa bure kwenye intaneti na maktaba ya taifa ya huko.

Parokia yako ikikosekana, sababu mara nyingi ni kwamba zaka zilikuwa zimeshafutwa zamani, wakati ardhi ya pamoja ilipogawanywa na kuzungushiwa nyua. Basi omba ramani ya ugawaji huo. Nyingi ni za kati ya 1750 na 1850, na hapo utakuwa umerudi nyuma zaidi ya wale wanaotegemea zaka peke yake.

Majina ya makonde, na yanavyodanganya

Jina la konde ni kidokezo, si ushahidi. Chester au Caster hudokeza Warumi. Blacklands huweza kuwa udongo mweusi wa mahali watu walipoishi kwa karne nyingi, lakini pia huweza kuwa udongo mweusi tu wa kinamasi. Fair Field ni zuri kwelikweli, maana gulio ni watu wengi, fedha nyingi na pombe. Chapel Field ina mtego: huenda palikuwa na kanisa dogo, na huenda ni konde ambalo kodi yake ndiyo ilitunza kanisa lililo maili mbili kutoka hapo. Watu huliona jina Butts, ambalo pia ni shabaha za mishale, wakaanza kuota wapiga mishale; mara nyingi ni vipande vifupi tu vya ncha za makonde ya zamani. Na Hundred Acres (ekari mia) ukiikuta, angalia ukubwa kwenye daftari. Wanakijiji wa zamani walipenda kulipa jina hilo konde dogo kuliko yote.

Jina lisimame na kitu cha pili. Picha za laida, yaani vipimo vya uso wa ardhi vilivyochukuliwa kwa leza kutoka kwenye ndege, ndizo shahidi bora. Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, hutoa bure data ya England kwa kipimo cha mita moja, na ukiitazama kama kivuli cha ardhi utaona matuta ya kilimo cha zama za kati, majukwaa ya nyumba, na njia za kale zilizozama kwa kukanyagwa. Jina, laida na ramani zikikubaliana, una konde la kuombea ruhusa. Kimoja peke yake hakitoshi.

Kulaza ramani ya zamani juu ya ya leo

Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure na inatosha. Fungua chombo chake cha Georeferencer, chagua mfumo wa kuratibu wa Uingereza wenye namba EPSG:27700, kisha weka alama za kuunganisha ramani mbili. Kihesabu, alama tatu zinatosha. Kwa kazi ya kweli weka nane hadi kumi na mbili, zikiwa zimetawanyika pembe zote na katikati. Alama nzuri ni pembe ya mnara wa kanisa, makutano ya barabara ambayo hayajapanuliwa, na pembe za makonde ambazo bado zipo. Usitumie kingo za mto, kwa kuwa mto huhama. Usitumie pembe ya jengo la shamba mpaka uhakikishe ni jengo lile lile. Mabanda mengi yalijengwa upya hatua chache kando ya yale ya zamani, na kosa hilo moja linavuta ramani nzima.

Kwa ramani za Ordnance Survey, ugeuzi wa kawaida wa daraja la kwanza, unaosogeza na kuzungusha ramani nzima kwa pamoja, unatosha, na kosa huwa la mita chache. Ramani za zaka ni habari nyingine. Ni sehemu ndogo tu zilizopimwa kwa kiwango cha juu. Nyingine zilinakiliwa kutoka ramani za zamani zaidi, na karatasi yenyewe imenywea. Tumia ugeuzi wa aina ya thin plate spline, unaovuta ramani kipande kwa kipande, lakini ujue tabia yake: hupita sawasawa kwenye kila alama uliyoweka, kwa hiyo taarifa ya makosa huonekana safi hata pale ulipokosea. Acha alama mbili usizitumie, kisha uzipime mwishoni. Zikikosa kwa mita 15, basi nyumba yako ya 1841 iko ndani ya duara la mita 15, na GPS ya mkononi itaongeza mita tatu hadi tano.

Duara hilo hupunguzwa kwa macho. Mahali penye njia ya umma ya miguu unaruhusiwa kupita na kutazama, lakini si kupitisha detekta wala kutoka nje ya njia. Konde likiwa limelimwa, vipande vya matofali, vigae, mabua ya kiko cha udongo na maganda ya chaza huonekana toka mbali. Kwenye majani, kichaka kikubwa cha majani yanayowasha hupenda mahali palipokuwa na mifugo au makazi, kwa sababu udongo wake una fosfati nyingi.

Makonde ya kuachana nayo

Kabla ya kuuliza ni la nani, hakikisha linaombeka. England ina karibu sehemu 20,000 zilizoorodheshwa kuwa kumbukumbu za kale, na kwa sheria ya 1979 kutumia detekta ndani yake bila kibali cha maandishi cha Historic England, taasisi ya serikali ya urithi wa kale, ni kosa la jinai. Mwenye shamba hana uwezo wa kukupa ruhusa hiyo. Orodha na mipaka yake iko wazi kwenye National Heritage List for England. Angalia pia maeneo ya hifadhi ya asili, na kama shamba liko kwenye mkataba wa serikali wa kutunza mazingira, kwani mkataba unaweza kumzuia mkulima kuruhusu uchimbaji, na akivunja masharti malipo yake yanakuwa hatarini. Ukiwa wewe ndiye uliyemuuliza habari hiyo mapema, umejipatia heshima ambayo maneno matamu hayanunui.

Zipo pia sababu zisizo za kisheria. Konde la bondeni kando ya mto huenda limefunikwa na tope la karne kadhaa, na vitu viko chini ya uwezo wa detekta. Konde lililomwagiwa mboji ya takataka za mijini limejaa vipande vya alumini na nyaya. Hilo linachosha mpaka mtu anaacha. Na pale nyumba yenyewe ilipobomolewa, misumari hufunika kila kitu, kwa hiyo omba ruhusa ya eneo linalozunguka, hasa njia kati ya mlango na kisima.

Ni la nani hasa?

HM Land Registry, msajili wa ardhi wa serikali, huuza kwa ada ndogo nakala ya hati na ramani ya mipaka, na unaweza kutafuta kwa kubonyeza ramani. Kusajili wakati wa kuuza kulikuwa lazima nchi nzima kuanzia Desemba 1990, kwa hiyo shamba lililokaa kwenye ukoo mmoja tangu zamani huenda halimo. Hapo muulize karani wa baraza la parokia, au jirani.

Jina kwenye hati si mwisho wa habari. Anayelima anaweza kuwa mpangaji, na unahitaji ruhusa ya wote wawili: mwenye ardhi kwa sababu ya mali, mpangaji kwa sababu ya mazao na mifugo. Anza na mpangaji. Mwenye ardhi akiwa kampuni au wakfu, barua yako itamfikia wakala, na wakala swali lake la kwanza huwa ni "anayelima anasemaje?"

Hapa utafiti una hatua moja zaidi ambayo wengi huiruka. Kati ya 1941 na 1943 serikali ilikagua mashamba ya England na Wales, na fomu za kila shamba ziko Kew chini ya alama MAF 32. Huenda jina lililoko pale ni la babu yake unayetaka kumpigia hodi. Lakini soma fomu nzima kabla ya kuinakili. Wakaguzi waliwapa wakulima alama A, B au C, na kwenye C waliandika sababu, pengine udhaifu wa mtu mwenyewe. Hakuna haja ya kumpelekea mjukuu aibu ya babu yake ikiwa ndani ya bahasha.

Karatasi nne na barua moja

Faili la kumpa liwe fupi: picha ya leo ya konde ikiwa na mpaka, kipande cha ramani ya zaka na mistari yake ya daftari, umeiandika upya kwa herufi zinazosomeka, kipande cha ramani ya inchi ishirini na tano, na picha ya laida. Chini ya kila moja weka sentensi mbili. Ni lake, abaki nalo hata akikataa. Wazo la kumnyima hadi akubali ni baya, na watu huliona mara moja.

Barua iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iseme umepata nini kuhusu konde lake, si wewe ni nani. Kisha ombi: konde moja, siku moja, baada ya mavuno na kabla ya mbegu kuingia. Ukiomba shamba zima kwa muda usio na mwisho, unamtaka akuamini kabla hajakuona. Kisha namna utakavyochimba, bima yako ya madhara kwa watu wengine (wanachama wa National Council for Metal Detecting, chama cha watumiaji wa detekta, huipata na uanachama), na kwamba vitu vyote ataonyeshwa. Neno "dhahabu" lisionekane popote.

Nenda baada ya siku saba hadi kumi. Epuka majira ya kondoo kuzaa na wiki za mavuno. Siku ya mvua, mkulima akiwa kwenye banda, ndiyo siku yenyewe. Detekta ibaki garini, na usivae nguo za rangi za kijeshi, kwa sababu wanaoingia usiku kuiba vitu vya kale ndivyo wanavyokumbukwa.

Akisema hapana, mshukuru na umuulize kama kuna kitu cha chuma kilichompotea. Huo si ujanja mtupu. Hazina ya Hoxne, Suffolk, iligunduliwa Novemba 1992 mtu alipokuwa akimtafutia mkulima nyundo yake iliyopotea. Zilitoka sarafu karibu 15,000 za Kirumi, na nyundo nayo ikapatikana, ikaishia British Museum.

Maandishi kabla ya shimo la kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2009 hazina ya Staffordshire, iliyopatikana kwenye konde kando ya barabara ya kale ya Watling Street, ilithaminiwa pauni milioni 3.285, ikagawanywa kati ya aliyeipata na mwenye shamba, na uhusiano wao ukavunjika hadharani. Andikeni mapema, karatasi moja: majina, makonde kwa namba na ramani, tarehe za kuanza na kuisha, mgawo wa hazina, mgawo wa vitu visivyo hazina, na haki ya kila upande kuvunja makubaliano. Kifungu cha vitu visivyo hazina ndicho husahauliwa. Kesi ya Waverley dhidi ya Fletcher mwaka 1995 ilithibitisha kwamba kitu kilichofukuliwa ardhini ni cha mwenye ardhi, si cha aliyekiona. Kila bizimu, kila subana na kila risasi ya gobori ni yake mpaka mkubaliane vinginevyo.

Mweleze sheria ya hazina ya 1996 kwa maneno machache. Kitu chenye zaidi ya miaka 300 na angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha ni hazina. Kwa sarafu za namna hiyo lazima ziwe mbili au zaidi kutoka mahali pamoja, na zile za metali hafifu lazima zifike kumi. Tangu Julai 2023 vimeongezwa vitu vya metali vya miaka 200 na zaidi vyenye umuhimu wa pekee. Taarifa hutolewa ndani ya siku 14 kwa afisa anayechunguza vifo vya ghafla, ambaye kwa mila ya kisheria ya huko ndiye pia mwamuzi wa hazina. Njia nyepesi ni kupitia afisa wa kaunti wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyopatikana na wananchi. Tuzo kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu, na aliyeingia bila ruhusa hupunguziwa au hunyimwa kabisa.

Siku ya kazi, chimba ndani ya kina cha udongo uliolimwa tu, sentimita 20 hadi 25 hivi. Kwenye majani kata pande tatu, ukunje kipande kama kifuniko, mwaga udongo kwenye kitambaa, rudisha na ukanyage. Majira ya kiangazi kikavu usikate majani hata kidogo. Kifuniko kitakufa na kuacha madoa ya njano konde zima. Ukikuta kitu chini ya udongo uliolimwa, au vitu vingi pamoja, simama, funika, piga simu. Takataka zote, hata mabati na viatu vya farasi vilivyovunjika, ondoka nazo.

Kisha ndani ya wiki mbili mpelekee ukurasa wa tano wa faili: ramani ile ile ya zaka, sasa ikiwa na vitone vya mahali kila kitu kilipotoka, namba na picha. Ndio ukurasa anaouonyesha jirani yake.